Kadi za Hope na Programu za Bure

Duka la Steshenari,
Bunju, karibu na kituo cha mabasi,
Dar es Salaam.
11 Novemba 2024

Mpendwa kaka Revelian,

Shikamoo kaka. Barua hii ikukute umeshiba na umeketi, maana ni ndefu. Mama anaendeleaje na magoti? Ile dawa ya kuchua niliyomtuma Flaviana mkeo ampelekee, anaitumia au ameiweka juu ya kabati kama kawaida yake? Mwambie dawa haiponyi ikiwa kwenye boksi. Na nasikia senene, panzi wetu wale watamu, wameanza kushuka huko Bukoba. Sisemi kitu, ila boksi hili nililokutumia litakuwa tupu likirudi, na basi linalolileta ndilo hilohilo linalorudi Dar.

Sie huku ni wazima. Watoto wanasoma. Romani mume wangu ni mzima pia, anakula, anakoroma, anagombana na mpira wa kwenye runinga. Nasisitiza kwamba ni mzima kwa sababu mtaa wetu wiki mbili zilizopita ulikuwa na mawazo mengine. Nitakufikisha huko.

Utashangaa kukuta barua ndani ya boksi la kadi wakati simu unayo. Simu ina grupu la ukoo, na grupu lina masikio sabini na mawili. Haya ninayoandika ni ya masikio yako mawili.

Nianze na kamati. Kikao cha kwanza cha sendofu ya mwanao Hope, ya kumuaga kabla ya harusi, kilikaa kwa mdogo wetu Audax, Kinondoni, Jumapili baada ya misa. Mwenyekiti ni Mzee Mwinjuma, jirani yake Audax, mtu wa haki na wa kupenda chai. Mie nilifika mapema nikakaa karibu na mlango, mapajani nimeweka bahasha yenye sampuli tatu za kadi. Sikuzinakili popote. Nilikaa nazo dukani wiki nzima nikipanga herufi, kwa sababu Hope ni mtoto wa kaka yangu, na shangazi akikosea kwenye harusi ya mtoto wa kaka, ataenda kusahihisha wapi tena?

Tukafika ajenda ya kadi. Nakohoa nianze, Jesca akanitangulia. Jesca huyuhuyu mke wa Audax. Akageuza laptopu yake ikatazama kamati, na pale kwenye kioo kuna kadi, kaka, maua ya zambarau yamezunguka kingo zote, jina la Hope limejiviringa kama jani changa la mgomba. Wanawake wakaguna. Mzee Mwinjuma akavaa miwani.

“Mama, kazi hii wamekutoza bei gani?”

“Hata senti, mzee. Nimechora mwenyewe. Programu zote ni za bure, zipo mtandaoni.”

Wakapiga makofi. Audax naye, mtoto niliyembeba mgongoni mimi, akaona asibaki nyuma: “Dada Deme, sasa na wewe upumzike.”

Kaka, mtu hajaomba kupumzika. Ukimwambia apumzike mbele ya watu, hujampumzisha, umemtoa. Nikasema cha bure kina wadudu, kompyuta zikianza kuumwa wasije kunigongea. Jesca akacheka na meno yake yale mazuri. “Wifi, dunia imehama. Na wewe hamia tu, nauli sikudai.” Kamati nzima ikaangua kicheko. Hata Mzee Mwinjuma, na chai yake mdomoni.

Bahasha yangu nilirudi nayo Bunju bila kuifungua.

Hayo ningeyameza. Nimemeza makubwa zaidi. Kahawa ya marehemu Baba ilikusomesha wewe ualimu, ikamsomesha Audax, na ilipofika zamu yangu ikawa imepatwa na mnyauko. Sikusema. Nilikuja Dar nikauza ndizi za kuchoma pale Mwenge, jioni najifunza kupiga taipu, mpaka nikanunua taipureta yangu, nikatoka na taipureta nikaingia kompyuta, nikaja Bunju wakati watu wanauliza Bunju ndiyo wapi. Hakuna aliyenishika mkono na sikuulizia mkono. Nilichokuwa nacho kwenye ukoo huu ni kitu kimoja: tukio lolote likitokea, kadi na karatasi zake zinatoka kwangu. Kipaimara cha watoto wako. Harusi ya Audax na huyohuyo Jesca. Ratiba ya mazishi ya Baba na wasifu wake, ambao niliuchapa peke yangu kwa sababu nyie wote mlikuwa mnapokea wageni. Kila moja, ukiigeuza nyuma, pale chini kabisa kwa herufi ndogo, imeandikwa: Demetria Steshenari, Bunju. Wengine hawajawahi kuona hata kama kuna maandishi pale. Mie ndilo eneo ninaloliangalia kwanza.

Sasa kadi ya Jesca ikapigwa picha ikawekwa kwenye grupu, mbele na nyuma. Nyuma: Imesanifiwa na Jesca, Kinondoni. Na chini yake ukaandika wewe, kaka. Nimeihifadhi. “Hongera sana Jesca. Sasa ukoo umepata mtaalamu.” Ukaweka na vile vikatuni vya makofi, vitatu.

Umepata! Kwa hiyo miaka yote ukoo ulikuwa hauna. Ule wasifu wa Baba, ambao wewe mwenyewe uliusoma kanisani mpaka watu wakatoa vitambaa, ulijichapa. Nimerudi kwenye simu yangu nikatafuta kuanzia juu mpaka chini kama kuna siku uliniandikia hongera mie. Nimekuta “asante dada” mbili, moja ya dawa ya Mama na moja ya kukukumbusha siku ya kuzaliwa ya mkeo.

Nilikuwa na wivu, kaka. Nakuandikia neno lenyewe ili usipate tabu ya kulitafuta. Nilikuwa na wivu kiasi kwamba nikipita kwenye duka la vitenge nikaona zambarau, nahisi kiungulia.

Kesho yake nikaenda Mwenge kwa fundi wangu Nurdin. Unamkumbuka, yule aliyetengeneza simu yako ulipokuja mara ya mwisho. Nurdin ndiye anayeniwekea programu za kuandikia na za kupanga kadi. Zinatoka kwenye fleshi yake, zimechakachuliwa. Kila baada ya miezi kadhaa zinashtuka kwamba si halali, kioo kinajaa maonyo, kazi inasimama na mteja amesimama mbele yako, basi nafunga duka nambebea Nurdin kompyuta aichakachue upya. Nikamuuliza kuhusu hizi za bure za mtandaoni. Akafuta mikono. “Mama Deme, hizo ni mtego. Zinaiba mpaka namba ya siri ya pesa zako.” Kaka, nilifurahi! Nilimlipa na nikamnunulia soda.

Lakini wewe unanijua. Kitu nikiambiwa kina mwiba, lazima niupapase. Siku iliyofuata, wateja walipopungua, nikanunua bando nikaanza kutafuta huo mtego. Ipo programu inaitwa LibreOffice, hiyo ni ya kuandikia barua na kupanga mahesabu. Nikaingia kwenye tovuti yao wenyewe, si kwa mtu wa kati, nikaipakua. Ikachukua muda, nikauza daftari na fotokopi katikati. Ikamaliza, nikaiweka kwenye Windows yangu ileile kuukuu, kisha nikakaa nasubiri iniombe ule ufunguo wa namba ambao Nurdin huwa anaubuni.

Haikuomba.

Nikafikiri labda itaomba nikianza kazi. Nikafungua faili la wasifu wa Baba. Likafunguka. Mistari miwili ilikuwa imesogea kidogo, nikairudisha. Baba akawa pale, tarehe zake zote, picha yake na ile kofia. Nikafungua mahesabu ya duka, yakafunguka. Nikapakua na nyingine, Inkscape, hiyo ni ya kuchora, ndiyo aliyochorea Jesca maua yake, nikaihangaikia mpaka nikachora ua. Lilikuwa ua baya, kama kabichi iliyokanyagwa. Lakini lilikuwa bure na lilikuwa langu.

Nikasoma masharti yao kwa kamusi, neno kwa neno, natafuta ndoano. Yanasema tumia, nakili, mpe na jirani. Ndoano sikuiona. Nikachukua kikokotoo nikapiga hesabu ya Nurdin, safari zote za Mwenge, nauli, soda, na siku ambazo duka lilifungwa. Jumla sikutajii, kaka, ila chumba cha pili pale nyumbani kingekuwa na bati.

Ndipo wivu ukawa mara mbili. Kwanza Jesca ana kitu. Pili, kitu chenyewe kilikuwa pale siku zote kinanisubiri, na yeye alijua. Kila mwisho wa muhula anakuja dukani kwangu kutoa fotokopi za mitihani ya shule anayofundisha, nampunguzia bei kwa sababu ni wifi, anaiona kompyuta yangu inavyoganda, anaona ninavyoipiga kofi ubavuni. Hakunyanyua mdomo aseme “wifi, mbona ipo ya bure?” Alingojea aseme mbele ya kamati.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Na kwa mdomo nikaendelea kusema zina wadudu. Kwenye kompyuta yangu nikawa nazitumia.

Basi, kadi zikatoka. Za sendofu ni mia moja na themanini kwa wageni wa Dar. Unajua desturi yetu, kadi haiendi na jina tupu. Lazima mtu aandikwe anavyostahili: Bwana na Bibi, Alhaji, Padre, na kama mzee wa nyumba alishatangulia, basi Familia ya Marehemu fulani. Mie hiyo sehemu huwa naiandika kwa kalamu ya wino mweusi, mkono kwa mkono. Jesca yeye akaweka majina kwenye jedwali, safu moja heshima, safu ya pili majina, kisha programu inachukua kutoka kwenye jedwali na kujaza kadi yenyewe. Ni jambo zuri mno, sitasema uongo, nilipoliona nilikosa usingizi.

Ila kabla ya kuchapa akataka majina yakae kwa alfabeti ili wagawaji wasipate shida. Akapanga safu ya majina peke yake. Kompyuta ilimuuliza kama ahusishe na safu ya jirani, akabonyeza hapana. Majina yakahama, heshima zikabaki zilipokuwa. Wengi wa wageni wetu ni Bwana na Bibi, kwa hiyo kadi nyingi zikatoka salama kwa bahati. Arobaini na moja hazikutoka salama, nazo zilishagawiwa.

Mie nilijua mezani kwangu. Romani alifungua bahasha huku anakula, akasoma, akaweka kijiko chini. “Mama Deme, mimi nilifariki lini?”

Nikaichukua. Maua ya zambarau, na katikati: Familia ya Marehemu Romani Kaijage mnaalikwa.

Romani akaendelea na wali. “Naona mmenificha. Na mchango wa rambirambi aliupokea nani?” Jioni akaenda nayo kibarazani kuwaonyesha wenzake, na kesho yake mama mmoja wa huku akanifuata dukani na sura ya msiba, mkononi ana kilo mbili za mchele. Nilimshukuru. Mchele nikaurudisha.

Habari zikaanza kuja. Padre Respicius, aliyembatiza Hope na sasa ni paroko wa huku Dar, amealikwa kama Bwana na Bibi Respicius, na wanakwaya wakamuuliza mama paroko atavaa sare gani. Alicheka, Mungu ambariki. Mzee Twaha wa msikiti wa hapa Bunju, rafiki mkubwa wa Romani, akaja dukani kwangu na kadi ameishika kama cheti. “Haya, mwanangu. Kwetu nimesoma madrasa tu, ninyi mmenipa upadre bila seminari. Ibada ya kwanza ni saa ngapi?” Padre Twaha, imeandikwa, na maua.

Nilicheka, kaka. Nilicheka mpaka nikafunga mlango wa duka nicheke vizuri. Nilisema Mungu si Athumani. Nilifungua grupu kila dakika kuona kama mtaalamu wako anatukanwa, na alipoanza kutukanwa nikanunua bando jingine.

Kicheko kilikatika kwa Mama Sekela. Huyu ni jirani yangu wa nyumba ya tatu, mtu wa Mbeya, mumewe Mzee Brightson alifariki mwaka jana Agosti. Kadi yake ilitakiwa kuwa Familia ya Marehemu. Ilitoka Bwana na Bibi Brightson Mwakalinga. Nikaenda kwake haraka nimwombe msamaha kwa niaba ya ukoo, na nikiri, nilikwenda pia nione Jesca ameharibu kiasi gani. Nikamkuta ameiegemeza kadi kwenye glasi juu ya meza. Nikamwambia mama, tupe, tutakuletea sahihi.

“Hiyo nyingine leteni ya kuingilia ukumbini,” akasema. “Hii niachieni. Tangu mzee aondoke hakuna aliyetuandika wawili.”

Nikarudi nyumbani. Hilo ua la zambarau pale mezani kwake halikuniletea kiungulia.

Jumamosi Jesca akaja Bunju. Hakutuma ujumbe. Alishuka kwenye bajaji na laptopu ameifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga, macho mekundu. Kosa alishaligundua mwenyewe na namna ya kulirekebisha anaijua kuliko mimi. Shida ni kwamba jedwali alishalihifadhi likiwa limeharibika, na zile heshima watu walimtajia kwa simu, hazipo popote pengine. Alihitaji mtu anayejua nani ni nani.

“Wifi, nicheke umalize, halafu unisaidie.”

Nikamwambia nilishacheka, aingie. Nikamvutia kiti upande wangu wa kaunta, na hapo nikafanya uzembe. Kompyuta yangu ilikuwa wazi. Jesca akainua macho kwenye kioo, na pale pembeni, mstari mmoja, zimejipanga zote: ya kuandikia, ya kuchorea, mpaka ya kupunguza picha ambayo hata yeye hana.

Akanigeukia. “Kumbe wadudu walishafika Bunju?”

Kaka, nikasema nilikuwa nazichunguza. Akasema naona uchunguzi umefika mbali, una na kabichi. Lile ua langu lilikuwa bado limefunguliwa. Tukatazamana, na mie ndiye niliyeanza kucheka, basi. Ila nikamuuliza lile lililonichoma: kwa nini kila muhula unakuja hapa na hukuniambia?

“Nilikuambia, wifi. Pasaka. Ukaniambia ticha, nenda kafundishe watoto, mie nina wateja.”

Sikumbuki. Lakini maneno hayo yana sauti yangu.

Tukakaa hapo mpaka duka likafungwa. Mie nataja, yeye anapiga. Huyu ni Alhaji tangu juzi, usiandike Mzee. Huyu mkewe aliondoka, ukiwaandika wawili utaleta ugomvi, andika Bwana. Huyu marehemu ni kaka yake, siyo yeye. Vidole vyake haviangalii kibodi, kaka. Anazungumza na wewe huku vinakimbia. Mteja akaingia akauliza ticha anaanza kazi lini hapa, na nikahisi kile kitu kinanipanda tena kifuani. Hakijaisha. Usidhani nakuandikia kwamba kimeisha.

Tukapanga kwa alfabeti, safari hii safu zote mbili, na mimi ndiye niliyebonyeza ndiyo.

Kabla ya kuchapa akanionyesha kitu. Kwenye programu ile kuna mahali ukibonyeza, inafungua ukurasa wa mtandao wenye majina ya waliochangia. Nilidhani ni kumi au ishirini. Yalishuka, kaka, yakashuka, mpaka kidole kikachoka. Majina ya nchi ambazo siwezi hata kuzitamka. Nikamuuliza hawa wote ndio waliotunga? Akasema hapana, wengine wametafsiri, wengine wamesahihisha kosa moja tu. Kosa moja! Na jina lake likawekwa. Watu wametoa kazi yao bure kabisa kwa wasiowajua, na hakuna aliyesahauliwa. Mie nimetoa yangu kwa nusu bei kwa watu wa damu yangu.

Jesca akauliza: “Wifi, nyuma tuandike nini?”

Nilitaka aseme tuandike lako. Nilimsubiri. Yeye naye alikuwa ananisubiri, nadhani, na vidole vyake kwa mara ya kwanza vimesimama. Nikasema acha wazi. Akasema zote? Nikasema zote, na za Bukoba pia.

Hizo ndizo ulizonazo ndani ya boksi, kadi sitini za wageni wa huko. Nimezikagua moja moja, heshima zote ziko mahali pake, Padre ni padre na marehemu ni marehemu. Maua ni ya Jesca. Mpangilio wa herufi ni ule wa sampuli yangu ya pili, ile iliyokaa kwenye bahasha. Alipoiona alisema mbona hukuitoa siku ile. Hesabu kabla hujazigawa, zisipotimia nitajua ni basi au ni wewe.

Juu kabisa, kwenye karatasi ya nailoni, kuna ya kwako. Baba wa bibi harusi haandikiwi kadi, najua, lakini nimekuandikia, na jina lako nimeliandika kwa kalamu yangu, si kwa kompyuta. Igeuze. Pale chini ni patupu.

Naomba hivi, kaka, na sijawahi kukuomba kitu. Chukua kalamu. Jaza mwenyewe waliotengeneza kadi za mwanao. Jesca asiachwe, nitakasirika ukimwacha, maua amechora na machozi ametoa. Lakini ukimaliza jina lake usifunike kalamu. Kisha ipige picha uiweke kwenye grupu, palepale ulipoweka yale makofi matatu, mbele ya masikio yote sabini na mawili. Herufi ziwe ndogo, sijali. Mie nimezoea herufi ndogo.

Nimalizie, mwanga wa dukani unawavuta wadudu, wa kweli hawa. Msalimie Mama sana, mwambie nakuja Krismasi kumchua hayo magoti mwenyewe. Msalimie Flaviana mkeo, na jirani yenu Mama Rosalia, na wote wanaoniulizia. Romani anakusalimu, anasema marehemu anasubiri senene. Hope anakuja kwangu Jumapili kupima gauni, nitamfikishia salamu zako. Mungu wa Baba yetu ailinde nyumba yako, awape mvua ya kutosha migomba, na atukutanishe ukumbini tukiwa wote hai kama kadi zinavyosema.

Barua hii nimeichapa kwa ile programu ya bure. Mistari imekaa vizuri, sivyo?

Ni mimi dada yako akupendaye hata akiwa amenuna,

Demetria